Mate ya Susu Kwenye Lenzi

Mumo, sogea. Ukinipiga picha hapo ulipo, dirisha liko nyuma yangu na uso wangu utatoka mweusi tititi, watu waulize ni nani huyo anaongea kutoka gizani. Njoo upande huu. Hapo. Sasa hata nikisema upuzi, nitaonekana vizuri.

Mmeniomba niwaambie historia ya stesheni. Historia mtaipata kwa watu wa suti. Mimi nilishika kamera tu, mpaka goti la kulia likakataa kuinama, ndipo nikaomba kupumzika. Nina visa, na katika vingi anayechekwa ni mimi. Kaeni. Chai iko kwa chupa, na anayetaka sukari ajue kuitafuta.

Nyinyi mmeikuta chaneli imeshaingia kwa simu, mtu anaitazama akiwa popote. Sisi tuliianza na waya mmoja uliotoka kwa chumba chetu cha juu, hapa mjini Salama, ukapita juu ya mabati na kuingia hoteli ya Bwana Njoroge ng'ambo ya uwanja wa magari. Magari ya watalii yakienda mbugani yalikuwa yanasimama hapo. Watu wananyoosha miguu, wanaenda msalani, wananunua soda, wanaondoka. Njoroge akawaza, hawa wakipata kitu cha kutazama kwa televisheni, kitu cha Kenya, labda watakaa kidogo wanunue soda ya pili. Basi. Chaneli yetu ya wageni ilizaliwa kwa sababu ya soda ya pili, na msikubali mtu awaambie habari nyingine.

Njoroge mwenyewe alikuwa mtu wa Murang'a. Alikuja hapa kijana, akafungua duka, akaoa, akazeeka. Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu, ingawa hasira zikimpanda alirudi kwa Kikuyu, na hapo sisi tulijua tutoke nje kwanza.

Chini ya chumba chetu kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Wakikata mabati, kelele inaingia kwa maneno ya Ndinda. Ndinda ndiye alikuwa sauti yetu, msichana wa kwaya, Kiingereza chake kimenyooka. Kuna kipindi kizima ambacho ndovu akifungua mdomo unasikia bati likikatwa. Mgeni mmoja alimuuliza mhudumu wa hoteli kama yule ndovu ni mgonjwa.

Mwalimu wangu wa kamera alikuwa Mzee Kilonzo, mpiga picha za harusi wa Matiliku. Somo lake la kwanza halikuwa kamera. Alinipa kitambaa cheupe, akasema kikae mfukoni peke yake, kisiguse jasho wala pua ya mtoto. "Huku kwetu vumbi ndilo bosi," akaniambia. "Lenzi ikiwa chafu, utampiga bibi harusi picha akiwa na doa usoni, na mama yake hatakusamehe mpaka kaburini." Nilifuta lenzi hiyo asubuhi, mchana na jioni, mpaka watu wa soko wakaniita Nduku wa Kitambaa.

Somo la pili lilikuwa salamu. Kamera inabaki kwa begi mpaka muulizane habari za watoto, za mbuzi na za mvua, na chai ije. Nilikuwa na haraka ya ujana, nikamwambia Kilonzo jua linatuacha. Akanijibu, "Jua litarudi kesho. Huyu mama ukimkosea leo, harudi." Ukitoa kamera kabla ya kushika mkono wa mtu, utapata picha ya mtu anayejiuliza wewe ni nani. Mnaziona hizo picha kila siku, na nyingine ni zenu.

La tatu tulifundishwa na madereva. Wageni wetu walitazama wakiwa wamesimama, soda mkononi, na huko nje honi inalia. Kwa hivyo kitu kizuri kinawekwa mwanzo, si mwisho. Tena hoteli ina kelele, usitegemee maneno. Zima sauti utazame. Kama hadithi bado inaeleweka, hiyo ni kazi. Nawasikia mkijigamba kwamba video fupi ni ya kizazi chenu. Sisi tulilazimishwa na honi.

Sasa niwaambie vile tulikaribia kufa.

Miezi ya kwanza tulionyesha wanyama tu. Njoroge alikuwa amepata kanda za simba na ndovu, sijui alizitoa wapi, tukazirudia mpaka simba nikawajua kwa majina. Hakuna aliyetazama. Mgeni anayetoka mbugani ameona simba wa kweli, wako anamfanyia nini? Na anayekwenda hataki kuharibiwa hamu. Walinyanyua macho mara moja kwa televisheni, wakarudi kwa soda zao.

Halafu siku moja harusi ikatokea. Kilonzo alikuwa akitumia kanda upya, anarekodi wanyama juu ya harusi za watu waliokwisha kuchukua nakala zao. Kanda ya twiga ikaisha mapema, na nyuma ya twiga wakatokea shangazi za bibi harusi fulani wa Matiliku, wanacheza kwa mabega, vumbi linaruka, mmoja ana trei ya soda kichwani na haimwagiki. Mimi nilikuwa kule juu nakula mandazi. Nikasikia makofi kutoka hotelini. Nikachungulia dirishani, nikaona wageni wote wamegeuka, soda hazinywewi, na mmoja anajaribu kucheza mabega. Dereva alipiga honi mpaka akachoka.

Nilishuka mbio nikamwambia Njoroge, tumepata dawa. Tuwaonyeshe watu wa hapa na mambo ya hapa. Akanitazama kwa huruma, vile unamtazama mtoto anayetaka kufuga mamba.

"Nduku, hapa ni pa kupita," akasema. "Hakuna mtu amepanda ndege kuja kuona Makueni. Hapa ni choo na soda. Nimeamua, Jumamosi ijayo nazima hii chaneli, naweka mpira. Mpira hauhitaji kamera."

Choo na soda. Nilizaliwa hapa, nikabatizwa hapa, nikamzika baba yangu hapa. Neno hilo liliniingia. Najua Njoroge hakulisema kwa ubaya, alikuwa akihesabu biashara yake, lakini niliumia na nikamjibu vibaya, na yeye akarudi kwa Kikuyu. Kilonzo ndiye alituachanisha. Akamwomba Njoroge nafasi moja tu, kipindi kimoja cha mahali hapa, kionyeshwe Jumamosi hiyo mchana, kisha aamue. Njoroge akasema sawa, ili tumwache apumue.

Tutaonyesha nini? Ndinda ndiye alikuja na jibu. Wageni walikuwa na swali moja walilomuuliza kila mara: mbona mnaweka vibao vya majina kwenye madaraja, mto fulani, mto fulani, na chini ni mchanga mtupu? Walikuwa wanacheka. Wanadhani tumepatia mchanga majina. Sisi tunajua maji yapo, yanatembea chini ya mchanga, na tumekunywa hayo tangu utotoni. "Tuwaonyeshe maji," Ndinda akasema.

Tukaenda upande wa chini wa Matiliku, kwa Susu Syombua. Susu ni bibi, nyinyi wa kutoka kwingine, na huyu alikuwa susu wa kila mtu. Alizaliwa Kitui, akaolewa hapa, na mahali pake pa kuchotea pale mtoni palikuwa pamezungushiwa miiba ili ng'ombe wasikanyage. Tulikunywa chai, tukaulizana mvua. Kilonzo alipoona amecheka mara ya kwanza, akanipa ishara nitoe kamera.

Susu akaitazama. "Hii itapeleka uso wangu wapi?"

"Barabarani, Susu, kwa wageni."

"Wageni wa wapi?"

"Wa mbali. Wengine wa ng'ambo ya bahari."

Akafikiri. "Basi haiwezi kwenda hivi hivi," akasema. "Kitu hakitoki kwangu kwenda mbali bila baraka."

Akanishika mikono, akanitemea mate kidogo kwa viganja, ptu, vile wazee wetu hubariki mtu anayesafiri. Akamtemea Kilonzo kifuani. Ndinda, mtu wa kwaya, alifumba macho akasema ameni, kwa vile ameni haidhuru popote. Mimi nikadhani tumemaliza. Susu akainama, akasema "Ngai akuathime," Mungu akubariki, na akatemea lenzi. Katikati kabisa. Na msisahau, Susu alikuwa mtu wa ugoro.

Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe. Kitambaa nilikuwa nacho, cheupe, kimefuliwa asubuhi hiyo. Nikamtazama Kilonzo, mtu aliyenifundisha kwamba lenzi chafu ni dhambi. Kilonzo akatazama mto. Susu naye alikuwa ananitazama mimi, anangoja kuona nitapokea vipi. Wewe uliyelelewa hapa, ungefuta? Baraka inaachwa ikauke yenyewe. Ukiipangusa, umemwambia mzee mbele ya macho yake kwamba anakaa na uchafu wake. Nikatoa mkono mfukoni nikasema asante Susu.

Na lenzi ilikuwa hiyo moja, na betri moja, na gari la kuazima. Nikapiga hivyo hivyo. Nilifanya ujanja wote ninaoujua: nikainua kamera ili doa liangukie mawinguni, nikamweka Susu upande wa kushoto, nikaliegemeza doa kwa mbuzi. Kwa kile kitundu cha kuchungulia lilionekana dogo. Nikajifariji.

Susu akafanya kazi yake. Akapiga magoti, akachimba mchanga kwa mikono mpaka ukawa na unyevu, akachimba tena. Maji ya kwanza yakaja machafu, akayamwaga. Ya pili akayamwaga. Akaketi akangoja, anatuambia mchanga haupendi pupa. Halafu akashusha kata ya kibuyu taratibu, ikarudi na maji meupe, safi, na nyuma yake mto mzima ni mkavu mpaka unapopinda. Nilikuwa nimeyaona hayo maisha yangu yote, lakini kwa kamera niliyaona upya.

Tukarudi Salama. Tukaweka kanda, Njoroge akaja na miwani yake. Picha ikatokea. Doa lile, mabibi na mabwana, lilikuwa limekalia robo ya kioo, rangi ya chai ya maziwa.

"Hiyo ni nini?" Njoroge akauliza.

Kila mtu akanitazama mimi.

"Nduku. Hiyo ni nini?"

"Ni baraka," nikasema.

"Ni nini?"

"Ni mate ya Susu Syombua. Ametubariki."

"Na kitambaa chako kilikuwa wapi? Wewe unafuta lenzi hata kukiwa na mvua!"

Nilikuwa nataka kulia. Niliona nimeiua stesheni kwa heshima. Kilonzo ndiye alisema, polepole, akiwa ameangalia vidole vyake: "Bwana Njoroge, na wewe ungefuta?"

Tukangoja Kikuyu kianze, kwa maana tulimjua. Hakikuanza. Akavua miwani. Akatuambia kwamba siku aliyotoka kwao kuja kutafuta maisha, nyanya yake alimtemea mate kwa viganja vyote viwili. Akapanda lori akiwa amefunga ngumi, na njia nzima hakushika kitu. Walinunua mkate njiani, mwenzake akamlisha kwa mkono. "Nilifungua ngumi hapa," akasema. "Hapa Salama, niliposhuka. Sikutaka baraka zimwagike njiani." Kule chini bati likawa linakatwa.

"Iache hivyo hivyo," akasema akisimama. "Lakini Jumamosi bado ni Jumamosi."

Jumamosi mchana gari la wageni likasimama. Wazee wa kizungu, waliostaafu kama mimi sasa. Mimi na Ndinda tulikaa kwenye kona ya hoteli. Kipindi kikaanza. Mmoja akageuka, wa pili akageuka. Mama mmoja mrefu, mwenye kofia, akasogea karibu na televisheni, akatoa karatasi ya kupangusia mikono, na mnajua alifanya nini? Akaanza kufuta kioo. Anafuta, doa liko. Anafuta kwa nguvu, doa liko.

Ndinda akainuka. Akamwambia kwa upole kwamba hilo halitoki, na akamweleza ni la nani na limewekwa kwa nini. Yule mama alisimama na karatasi yake mkononi. Akawaambia wenzake. Wakageuka wote, na pale kwenye kioo Susu akatoa ile kata ya maji. Mzee mmoja akasema kitu, Ndinda akanitafsiria: tumevuka mito yote hiyo tukicheka, kumbe maji yapo.

Wakataka kupelekwa. Dereva akakataa, ana ratiba, mbuga inafungwa. Yule mama akasema, "Basi tutarudi."

Njoroge alikuwa amesimama mlangoni. Akatikisa kichwa. "Mgeni husema atarudi," akaniambia. "Nimesikia hilo tangu nifungue hoteli. Sawa, Nduku. Naiacha mpaka siku yao ya kutoka mbugani. Wakipita bila kusimama, mpira."

Siku hizo ziliniua. Nilikuwa napika nikichungulia barabara. Nilimwomba Mungu habari ya gari la watalii, jambo ambalo mchungaji wetu hajawahi kunifundisha. Siku yao ikafika, magari yakapita, mengine yakasimama, si wao. Ikafika saa ya watu kufunga vibanda. Ndinda akaanza kuvaa sweta aende kwao. Njoroge akaanza kuhesabu pesa za siku.

Ndipo likaingia, jekundu kwa vumbi, likasimama vibaya katikati ya uwanja. Yule mama alishuka wa kwanza, bila kofia. Hakuuliza choo. Hakuuliza soda. Alimuuliza Ndinda, "Mto uko wapi?"

Usiku huo walilala hapa Salama, mara ya kwanza wageni wa mbugani kulala kwetu, na asubuhi Njoroge mwenyewe akashika usukani wa pikapu kuwaonyesha njia. Susu aliwapokea kana kwamba alikuwa anawangoja. Akachimba, akawachotea, akawatemea baraka mmoja mmoja, na wakajipanga kwa foleni. Foleni ilipoisha nilimwona Njoroge, mtu mzima, kitambi chake na shati lake la kazi, amesimama mwisho amekunjua viganja. Susu hakumuuliza ni wa wapi. Akambariki. Njoroge akafunga ngumi, akarudi kwa gari, na mimi ndiye niliendesha kurudi, kwa sababu bwana alikataa kushika usukani.

Mpira haukuwekwa. Tulienda Kitui kwa wafuga nyuki, nikaumwa mpaka jicho likafunga. Tulienda kwa wanaojenga mabwawa ya mchanga, zile kuta za kuzuia maji chini ya mchanga wa mto. Hoteli za Malili zikaomba waya, halafu kanda, halafu diski, na mambo yakaendelea mpaka yakawafikia nyinyi na simu zenu. Njoroge hakusema tena neno la kupita. Mgeni akiuliza kuna nini huku, alikuwa anamshika mkono, anamketisha mbele ya televisheni.

Susu amekwenda, na Kilonzo pia. Nilipoacha kazi niliogopa kwamba nyinyi, na vyombo vyenu vinavyoona kila kitu kutoka juu, mtawapiga watu wetu picha bila kuwashika mkono. Niliogopa kweli, sikumwambia mtu. Ndiyo sababu mwezi uliopita mliponiomba niwaonyeshe mto nilikubali haraka, goti na yote.

Mnakumbuka. Mueni, binti wa Susu, ndiye sasa anachota pale. Mlikunywa chai yake, mkauliza mvua, nikafurahi. Halafu Mumo akarusha ile droni, ikapanda, ikabaki juu inanguruma. Mueni akainua uso, akaweka mkono juu ya macho, akauliza, "Jicho la hiyo kitu liko wapi?"

"Liko chini yake, Mama," Mumo akasema. "Lakini haiguswi, inaruka."

"Na ikishapiga, inapeleka wapi?"

"Kila mahali, Mama. Dunia yote."

Mueni akamtazama. "Basi iteremshe," akasema.

 Niligeuka nikatazama mto, kama Kilonzo. Nikasikia mngurumo ukishuka, mabawa yakizima, mchanga ukitulia. Nikasikia ptu. Nilipogeuka, Mumo, mkono wako ulikuwa tayari mfukoni, na nilijua kuna kitambaa humo, mimi ndiye nilikupa. Nikakutazama usoni. Ukakaa hivyo kidogo, Mueni anakungoja, kisha mkono ukatoka mtupu, nawe ukasema asante.